Njeo za Kikamba na Majarida ya Mantiki

Katika Kikamba, lugha inayosemwa Kyuso kaskazini mwa Kitui kama inavyosemwa Makueni, kitenzi hakiishii kueleza kwamba jambo limepita au linakuja, bali huonyesha pia umbali wake, hivi kwamba lililotendeka punde hutofautishwa na la jana, na la jana na la zamani. Kiswahili hakina mgawanyo huo, kwa kuwa “alikuja” humfaa aliyefika asubuhi na aliyefika karne iliyopita, na “atakuja” haisemi kama ni kesho au mwakani. Mgawanyo huo wa njeo za Kikamba, njeo zikiwa namna kitenzi kinavyobeba wakati, ndio alioutegemea John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, kujenga hoja ambayo hadi leo haijawapa wanafalsafa wa Afrika utulivu. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alizipanga njeo za Kikamba na Kikuyu katika jedwali, akaona kwamba zile za wakati ujao hazivuki miezi kadhaa au, kwa upana kabisa, miaka miwili, kisha akahitimisha kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali karibu haupo.

Hoja hiyo, kabla ya kuwa ya dini au ya utamaduni, ni ya mantiki, elimu inayochunguza kama hitimisho linafuata kweli kutoka katika misingi iliyowekwa. Kati ya kusema kwamba lugha haina kiambishi cha wakati ujao wa mbali na kusema kwamba wasemaji wake hawaufikirii wakati huo kuna pengo linalohitaji daraja, kwani kama pengo hilo lingevukwa bila kizuizi, ingebidi ikubalike pia kwamba Mswahili hatofautishi jana na karne iliyopita kwa sababu kiambishi “-li-” ni kimoja. Mahari ya Kikamba, ambayo kwa desturi hulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, ni deni, na deni halina maana pasipo wakati ujao wa kulilipa. Mabwawa ya mchanga yanayojengwa katika mito ya msimu ya Kitui na Makueni nayo huweza kuchukua misimu kadhaa ya mvua kujaa mchanga utakaohifadhi maji, ingawa kwa haki ni lazima ikumbukwe kwamba Mbiti alizungumzia fikra za jadi, na mwenyewe alikiri kwamba elimu na imani mpya zilikuwa zinaurefusha wakati ujao. Mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye alimpinga kwa ushahidi wa lugha ya Kiakan, na Mkenya D. A. Masolo akaichambua hoja hiyo upya katika kitabu chake cha mwaka 1994.

Mabishano ya aina hii hayawezi kudumu kwa vitabu peke yake, kwa sababu kitabu husema mara moja na kunyamaza, ilhali jarida la kitaaluma huruhusu dai lijibiwe, jibu lipimwe na wahakiki kabla ya kuchapishwa, na kosa lisahihishwe mbele ya wote. Nchini Kenya kazi hiyo iliangukia Chama cha Falsafa cha Kenya, ambacho jarida lake, Thought and Practice, lilianza mwaka 1974 chini ya Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, likakatika kwa miaka mingi, kisha likafufuliwa kwa mfululizo mpya mwaka 2009, Reginald Oduor akiwa mhariri mwanzilishi wa mfululizo huo. Kukatika kwake kuliacha hasara isiyohesabika kwa fedha, kwa kuwa kizazi kizima cha wasomi kilikosa uwanja wa nyumbani wa kujibizana.

Upande wa mantiki ya alama, ambayo huandika hoja kwa alama kama za hesabu ili umbo lake lionekane wazi, chama kikuu cha kimataifa ni Association for Symbolic Logic, kilichoasisiwa Marekani mwaka 1936. Mwaka huo huo kilitoa Journal of Symbolic Logic, na ndani ya juzuu ya kwanza mwanamantiki Alonzo Church alichapisha orodha ya maandishi yote ya mantiki ya alama aliyoweza kuyapata tangu yale ya mwanafalsafa Leibniz ya mwaka 1666 hadi mwaka 1935, kisha akaisimamia sehemu ya mapitio ya jarida hilo hadi mwaka 1979. Miaka zaidi ya 40 ya kusoma kazi za wengine na kueleza zimethibitisha nini na zimekosea wapi ni utumishi ambao haupati sifa unayostahili, ingawa bila huo taaluma changa ingetawanyika. Chama hicho baadaye kiliongeza Bulletin mwaka 1995, kwa ajili ya makala pana na habari za taaluma, na Review mwaka 2008, inayokaribiana zaidi na falsafa.

Ukarimu wa Journal of Symbolic Logic ulionekana mwaka 1959, lilipochapisha uthibitisho katika mantiki ya lazima na yamkini ulioandikwa na Saul Kripke, kijana wa miaka 18 aliyelelewa Omaha, Nebraska, ambaye alikuwa ameifanya kazi hiyo akiwa mwanafunzi wa sekondari. Wahakiki walipima hoja, wala hawakupima cheo. Mwaka uliotangulia Kripke alikuwa amemwandikia barua Arthur Prior, mwanamantiki wa New Zealand aliyezigeuza “ilikuwa kwamba” na “itakuwa kwamba” kuwa alama zinazotangulizwa mbele ya sentensi, akimpendekezea kwamba wakati ujao usichorwe kama mstari mmoja, bali kama mti unaogawanyika matawi kutoka sasa. Prior alikuwa pia na alama zinazobeba kipimo, za kusema kwamba jambo litakuwa baada ya siku au miaka kadhaa, na hapo ndipo jedwali la Mbiti lingeweza kukutana na mantiki ya njeo, kwa kuwa lugha inayopima umbali ndani ya kitenzi inadai hasa alama za aina hiyo.

Mkulima wa Kyuso anayepanda ndengu katika udongo mkavu mwezi Oktoba, akisema kwamba mvua itanyesha, anaweza kueleweka kwa namna mbili ambazo Prior alizitenganisha: ama mvua inanyesha katika kila tawi la mti, ama inanyesha katika lile tawi moja litakalotimia. Kiswahili kinazifunika zote mbili kwa “-ta-” moja. Kama njeo za Kikamba za wakati ujao zinatofautiana kwa umbali tu, au pia kwa uhakika wa msemaji, hilo ni swali ambalo mwanafunzi anayeijua lugha hiyo toka utotoni ana nafasi kubwa ya kulijibu kuliko Kripke au Prior, na majarida ya kulipokea jibu lake yapo.