Visiwa Vinavyolindwa kwa Heshima: Kutoka Saanane hadi Itsukushima

Kisiwa cha Saanane, kilicho katika Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria, umbali wa takriban kilomita 2 kutoka katikati ya jiji, ni hifadhi ya taifa ambayo mke na mume wanaotafuta siku ya kupumzika pamoja wanaweza kuifikia asubuhi kwa boti kutoka Capri Point, wakaizunguka kwa miguu na kurejea nyumbani kabla ya jua kutua. Ndani ya kilomita za mraba 2.18, zikiwamo za maji, wageni hukuta miamba ya matale, yaani mawe magumu yaliyoipa Mwanza sifa ya Jiji la Miamba, na juu yake huota jua pimbi pamoja na mijusi ambao madume yao yana vichwa vyekundu na miili ya buluu, huku swalapala wakila nyasi chini.

Jina la kisiwa linatokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo kabla ya Serikali kumlipa fidia na kuanzisha, mwaka 1964, bustani ya wanyama ya kwanza nchini Tanzania, iliyokusudiwa kuwapa wananchi burudani na elimu ya uhifadhi. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilifuata mwaka 2013.

Hata hivyo, visiwa vya ziwa hili vilikuwa na walinzi wake muda mrefu kabla ya sheria za uhifadhi. Katika visiwa vya Ssese, upande wa Uganda, kisiwa cha Bubembe kilikuwa na hekalu kuu la Mukasa, ambaye katika imani ya jadi ya Waganda ndiye mwenye mamlaka juu ya ziwa, samaki na dhoruba, na pia mpaji wa watoto, hasa mapacha, kwa hiyo wavuvi na wanandoa walikuwa na haja zao kwake. Katika kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa Ukerewe, lipo jiwe kubwa maarufu kama jiwe linalocheza, ambalo wenyeji hulihusisha na mila zao.

Mfano kama huo wa kisiwa kinachoheshimiwa kwa imani unapatikana Japani, katika kisiwa cha Itsukushima, kiitwacho pia Miyajima, karibu na Hiroshima. Hekalu lake, ambalo kiongozi wa kijeshi Taira no Kiyomori alilijenga upya kwa fahari mwaka 1168, limesimama juu ya nguzo ufukweni, na mbele yake kuna torii, yaani lango la kuashiria mwanzo wa eneo takatifu, ambalo maji hulizunguka yanapojaa. Kwa kuwa kisiwa chote kilihesabiwa kuwa kitakatifu, msitu wa mlima Misen haukukatwa, na mwaka 1996 hekalu na msitu huo viliingizwa katika Urithi wa Dunia.

Itsukushima inaonyesha kuwa sheria ya uhifadhi hupata nguvu pale inapokuta heshima imekwisha kujengeka mioyoni mwa watu. Kwa sababu hiyo, wanandoa wanaovuka kwenda Saanane, wanapovaa jaketi okozi, kufuata maelekezo ya askari wa hifadhi, kuwaacha wanyama bila kuwalisha na kurudi na taka zao, wanashiriki kazi ile ile ambayo wazee wa visiwani waliifanya kwa miiko, na inafaa watoto wao pia wafundishwe hivyo.