Pesa Imefika, Jibu Limepotea

Mnunuzi wa ndengu sokoni Migwani ameshaweka PIN kwenye programu ya M-Pesa, na simu imenyamaza. Meseji haiingii. Mwenye gunia anamtazama. Atume tena ama asubiri?

Kutoka simu hiyo hadi kwenye busta, yaani mnara wa mtandao, data husafiri kwa mawimbi ya redio, na katika nchi ya vilima na mabonde kama hii ya Kitui mawimbi hukingwa na mlima, hudunda kwenye mwamba, hufika yamedhoofika. Biti zinaharibika. Kwa hiyo simu iliyo kwenye 4G haitumi fungu la data bila kuliambatishia biti 24 za ukaguzi, zilizokokotolewa kutokana na data yenyewe. Busta hurudia hesabu hiyo. Matokeo yasipolingana, hudai fungu litumwe upya. Mzunguko wote huchukua takriban milisekunde 8.

Fungu bovu nalo halitupwi, na hapo ndipo pananifurahisha. Busta hulihifadhi, na nakala ya pili ikija, hata ikiwa nayo ina kasoro, huunganisha hizo mbili hadi zisomeke. Tena mitandao ya 4G kwa kawaida hupangwa ili karibu fungu 1 kati ya 10 lishindwe mara ya kwanza. Ni makusudi! Kutuma kwa tahadhari kiasi cha kutokosea kabisa kungepunguza kasi ya kila mtu.

Kinachosumbua hasa ni jibu kupotea. Data imefika salama, ila mtumaji hajui, naye anarudia. Mpokeaji angehesabu mara mbili kama mafungu yasingekuwa na namba za mfuatano. TCP, utaratibu wa intaneti uliotokana na kazi ya Vint Cerf na Bob Kahn ya mwaka 1974, hufanya hivyohivyo: namba iliyokwisha kupokelewa ikirudi, nakala huachwa na jibu hutumwa upya.

Ulinzi huo unaishia kwenye mashine. Mnunuzi wetu akifungua programu upya na kuandika kiasi kilekile, hicho si nakala tena. Ni agizo jipya, lenye namba yake ya muamala yenye jumla ya herufi na tarakimu 10, na hakuna namba ya mfuatano itakayolishuku. Aangalie salio kwanza.