"Log in": gogo la mabaharia lililoingia kwenye kompyuta

Kwa Kiingereza "log" ni gogo, na "in" ni ndani. Ukiyaweka pamoja maneno hayo mawili kama yalivyo, unapata maana isiyomsaidia chochote mtu anayetaka kusoma barua pepe au kuangalia salio lake la benki. Hata hivyo ni vigumu kupata Mswahili mwenye simu ambaye hajawahi kukutana na "log in". Tumeizoea hata tukaipa viambishi vyetu: "nimelogin", "haijanilogout". Wengi wetu huichukulia kuwa amri ya kufungua mlango, yaani toa ufunguo upite.

Historia ya kitenzi hiki inasema jambo jingine. "Log in" haikuanza na mlango wala ufunguo. Ilianza na daftari, na daftari lenyewe lilipewa jina la kipande cha ubao kilichotupwa baharini. Anayeifuata safari hiyo ataona pia kwa nini kompyuta hutaka kujua jina lako kabla ya kukuhudumia.

Ubao uliopima mwendo

Baharia wa Ulaya wa karne ya 16 alikuwa na dira ya kumwonyesha upande anaoelekea, na saa ya mchanga ya kumpimia muda. Alichokosa ni kipimo cha mwendo. Alikadiria kasi ya meli kwa kutazama povu linavyopita ubavuni. Akikosea kidogo kila saa, baada ya wiki mbili katika bahari ya wazi hajui tena yuko wapi, na mwamba anaodhani uko mbali huenda uko mbele yake.

Dawa yake inaelezwa katika kitabu cha Mwingereza William Bourne, A Regiment for the Sea, kilichotoka mwaka 1574. Funga kipande cha mti kwenye kamba ndefu, kitupe majini nyuma ya meli, kisha iachie kamba ikunjuke. Mti hubaki karibu pale pale ulipoangukia huku meli ikisonga mbele. Urefu wa kamba iliyotoka katika muda unaojulikana ndio mwendo wa meli.

Kwa miaka mingi iliyofuata mabaharia waliendelea kukiboresha chombo hicho. Gogo likawa ubao mwembamba wenye umbo la robo ya duara, uliotiwa risasi ukingoni ili usimame wima majini usiburutwe. Kamba ikapigwa mafundo kwa umbali sawa. Kipimo kilichokuja kuzoeleka ni fundo moja kila futi 47 na inchi 3, yaani mita 14 na ushei, pamoja na saa ya mchanga ya sekunde 28. Baharia mmoja alishika gurudumu la kamba, mwingine akashika saa ya mchanga. Mchanga ukiisha kamba hukamatwa, na mafundo yaliyopita mkononi huhesabiwa. Yakiwa manane, meli inakwenda maili nane za baharini kwa saa. Ndiyo sababu hata leo, wakati hakuna tena anayetupa ubao majini, mwendo wa meli bado hutajwa kwa "knots", yaani mafundo.

Kutoka ubao hadi daftari

Kipimo hicho kilirudiwa tena na tena, usiku na mchana, na kila hesabu ilihitaji kuandikwa. Kwanza iliandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi uliokaa karibu na usukani. Kisha, mara moja kwa siku, ilinakiliwa kwenye kitabu. Kwa kuwa kilichoandikwa humo kilitokana na gogo, kitabu kikaitwa "log-book". Jina hilo lilikuwa likitumika kufikia mwishoni mwa karne ya 17. Baadaye likafupishwa, na "log" peke yake ikatosha kumaanisha daftari. Mabaharia wa Kiswahili nao wana jina la daftari la namna hiyo: batli.

Yaliyoandikwa humo yaliongezeka kupita mwendo tu. Upepo, mawimbi, kina cha maji, matanga yaliyopandishwa, mtu aliyefariki, chakula kilichoharibika, adhabu iliyotolewa, vyote viliingizwa. Kitabu kikawa ushahidi. Meli ikipotea njia au ikigonga nyingine, wakuu bandarini walitaka kukiona kabla ya kumsikiliza nahodha.

Katika karne ya 19 neno hilo likageuka kitenzi. "To log" ikawa kuandika katika daftari la meli. Katika meli za biashara za Waingereza ikapata maana nyingine, kali kidogo: baharia aliyechelewa kurudi melini au aliyekataa amri aliandikwa jina na kosa lake daftarini, na akakatwa mshahara. Kusema fulani amekuwa "logged" kulimaanisha ametozwa faini. Hapo ndipo kitenzi kilipoanza kumhusu mtu mwenyewe badala ya mwendo wa chombo. Jina lako likishaingizwa kitabuni, umekwisha kujulikana na utawajibika.

Karne ya 20 ililitoa daftari hilo baharini. Marubani wakawa na "log" za saa walizoruka, waendesha redio wakaandika matangazo waliyotuma na kupokea, na maabara zikaandika mitambo ilivyofanya kazi. Popote watu walipopokezana zamu na kuwajibika kwa chombo cha thamani, palikuwa na kitabu cha namna hiyo.

Kazi ya neno "in"

Kiswahili hubadilisha maana ya kitenzi kwa kukinyambua: piga, pigia, pigana, pigisha. Kiingereza mara nyingi hukiacha kitenzi kama kilivyo na kukiongezea neno dogo pembeni, kama vile in, out, up au off. Ugumu kwa mwanafunzi ni kwamba neno hilo dogo halina maana moja. "In" katika "come in" inahusu mahali: pita ndani. Kuna kundi jingine la vitenzi ambamo "in" inahusu kumbukumbu. Mgeni wa hoteli hufanya "check in", mfanyakazi wa kiwandani "clock in", mgeni wa ofisi "sign in". Wote hao tayari wamekwisha kuvuka kizingiti. Wanachofanya ni kuacha alama ya kuwapo kwao: jina, saa, sahihi. "Out" ni kinyume chake, yaani kufunga kumbukumbu iliyofunguliwa.

"Log in" ni ya kundi hili la pili. Maana yake ya ndani ni kuandikwa kwamba umefika, na "log out" ni kuandikwa kwamba umeondoka.

Kompyuta moja, watu wengi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba. Mtafiti alipeleka kazi yake ikiwa imetobolewa kwenye kadi, akamkabidhi mhudumu, akasubiri majibu kwa saa nyingi au hadi kesho yake. Kosa la herufi moja lilimrudisha mwisho wa foleni.

Katika chuo cha MIT, Marekani, kundi la Fernando Corbató lilitafuta njia ya kuwawezesha watu kadhaa kutumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kwenye mtambo wake wa kuchapia. Kompyuta ingemhudumia kila mtu kwa muda mfupi sana kisha imrukie mwingine, kwa kasi iliyomfanya kila mmoja ahisi yuko peke yake. Mfumo huo, uliojulikana kwa kifupi CTSS, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Novemba 1961.

Mpango huo ulileta maswali mapya. Nani yuko kwenye mashine sasa hivi? Ameanza saa ngapi? Ametumia dakika ngapi kati ya alizogawiwa? Mafaili haya ni ya nani? Haya ni maswali yale yale ya daftari la meli, na majibu yake yalipatikana kwa njia ile ile: kila anayekuja aandikwe. Mwongozo wa CTSS wa mwaka 1963 tayari una "log in" na "log out". Mtumiaji aliandika amri, akataja utambulisho wake na neno la siri, na mfumo ukaanza kumhesabia muda. Neno la siri lilikuwa msaidizi tu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba jina linaloandikwa ni la mwenyewe.

Msaidizi huyo hakuchukua muda kusalitiwa. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu wa MIT, Allan Scherr, aliona saa alizogawiwa hazimtoshi. Aliiagiza kompyuta ichapishe faili lenye maneno ya siri ya watumiaji wote, ikachapisha, naye akaanza kutumia muda wa wenzake. Alikuja kukisimulia kisa hicho hadharani miaka mingi baadaye. Mwaka 1966, kwa hitilafu ya programu, orodha nzima ya maneno ya siri ilijitokeza mbele ya kila aliyeingia kwenye mfumo. Wizi wa nywila, kumbe, una umri unaokaribiana na wa "log in" yenyewe.

Herufi mbili za kwanza

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, Charley Kline, mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA mjini Los Angeles, alijaribu kuitumia kompyuta iliyokuwa kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford, kaskazini mwa California. Mtandao uliounganisha mashine hizo uliitwa ARPANET, na ndio mzazi wa intaneti. Neno alilokusudia kutuma lilikuwa LOGIN. Alichapa L, upande wa pili wakathibitisha kwa simu kwamba wameipata. Alichapa O, ikapokewa. Alipochapa G, kompyuta ya upande wa pili ilianguka, maana ilijaribu kulimalizia neno yenyewe na kurudisha herufi kadhaa kwa mkupuo, jambo ambalo programu haikuandaliwa kulibeba.

Baada ya saa moja hivi hitilafu ilirekebishwa na muunganisho ukafanikiwa. Lakini ujumbe wa kwanza kusafiri kwenye mtandao huo unabaki kuwa herufi mbili za kitenzi chetu: LO. Na ushahidi wa tukio hilo? Ni mstari mfupi ulioandikwa kwa kalamu, ukiwa na saa 4:30 usiku, kwenye daftari la kumbukumbu la mtambo pale UCLA. Daftari hilo nalo ni "log".

Ndugu zake

Mwaka 1997 Mmarekani Jorn Barger aliuita ukurasa wake wa kuorodhesha alichosoma mtandaoni "weblog", daftari la mtandao. Miaka miwili baadaye Peter Merholz alilikata neno kwa utani likawa "we blog", na "blog" ikazaliwa. Kwa hiyo hata neno letu "blogu" lina asili yake kwenye lile gogo. "Log" ya hesabu haimo katika ukoo huu. Hiyo ni kifupisho cha "logarithm", neno ambalo Mskoti John Napier aliliunda kutoka Kigiriki na kulichapisha mwaka 1614.

"Log on" ni pacha wa "log in" na haina tofauti kubwa ya maana. Mifumo ya kompyuta kubwa za IBM iliipendelea, na Windows iliitumia kwa miaka mingi. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, Microsoft ilihamia "sign in", yaani kutia sahihi. Tovuti nyingi zimefuata njia hiyo. Jina limebadilika, lakini bado tuko kwenye kitabu cha wageni.

Namna ya kuiandika

Kosa linaloonekana mara nyingi, hata kwa Waingereza wenyewe, ni kuchanganya "log in" na "login". Kikiwa kitenzi, huandikwa maneno mawili, na mkazo wa sauti huwa kwenye "in". Likiwa jina, yaani utambulisho wako au ukurasa wenyewe, huandikwa neno moja na mkazo hukaa mwanzoni. Ukitilia shaka, kipeleke kitenzi wakati uliopita. Kiingereza husema "logged in". Hakuna "logined". Vivyo hivyo kwa "log out" na "logout".

Kwa Kiswahili, kurasa nyingi hutumia "ingia". Neno hilo limekubalika na linaeleweka, japo limechukua sura ya mlango na kuliacha daftari. Tatizo liko kwenye baadhi ya tovuti zinazoandika "jisajili" pale pale. Kujisajili ni kufungua akaunti kwa mara ya kwanza, wakati "log in" hufanywa kila mara na mtu aliyekwisha kusajiliwa. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa chuo akibonyeza "jisajili" kila anaporudi, anajikuta anaanza maombi upya. Watengenezaji wa tovuti wafuate mgawanyo huu: "jisajili" kwa mgeni, "ingia" kwa mwenyeji, "ondoka" kwa anayemaliza.

Nawe unayejaza fomu kwenye kompyuta ya steshenari au ya intaneti kafe, kumbuka kwamba kufunga ukurasa peke yake mara nyingi hakukuondoi kwenye akaunti. Daftari bado lina jina lako, na kila atakachofanya anayekaa kwenye kiti hicho baada yako kitaandikwa kuwa ni chako. Bonyeza "ondoka" kabla hujalipa na kwenda zako.