Gesi ya Kiyoyozi Haiishi: Mwenye Nyumba Ajue Analipia Nini

Kwa muda wa miaka mingi mwenyeji wa Kigali hakuona haja ya kiyoyozi nyumbani mwake. Mji wetu umekaa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku dirisha moja lililo wazi hutosha kumfanya mtu atafute blanketi. Lakini nyumba za siku hizi zimejengwa kwa vioo vipana na mapaa ya mabati, na chumba kinachoelekea magharibi huwa tanuri kuanzia saa nane mchana. Ndipo viyoyozi vilipoanza kutundikwa kutani huko Nyarutarama, Kimihurura na kwingineko. Nyuma ya viyoyozi wakaja mafundi, na nyuma ya mafundi zikaja gharama.

Nyumba tuliyohamia mimi na jamaa yangu ilikuwa na kiyoyozi kimoja kilichoachwa na mwenyewe wa kwanza. Kilikuwa katika chumba tulichompa mama yangu mzazi, ambaye ana shinikizo la damu na joto la mchana humtesa. Mwezi wa Juni kikaanza kupuliza hewa vuguvugu. Fundi akaja, akagusa bomba kwa kiganja, akasema, "Mwalimu, gesi imeisha." (Mtaani bado huniita mwalimu, ijapokuwa niliacha chaki zamani nikaingia ofisini.) Nikalipa, gesi ikatiwa, chumba kikapoa. Agosti akarudi na maneno yale yale. Novemba mara ya tatu, na safari hiyo fedha zilitoka katika bahasha ya karo ya mtoto. Nilipotaka kujumlisha stakabadhi niligundua kwamba sikuwa hata na moja. Nikajumlisha kwa kichwa, nikaona nimekwisha kulipa karibu nusu ya bei ya mashine mpya kwa ajili ya mashine ile ile yenye ugonjwa ule ule.

Kosa langu, ndugu msomaji, lilikuwa kudhani kwamba gesi ya kiyoyozi hutumika na kwisha kama petroli ya gari au mkaa wa jikoni. Sivyo. Gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote. Ndani ya chumba hugeuka mvuke na kuchukua joto. Nje hukandamizwa na kompresa, ikageuka kimiminika na kulitupa joto lile hewani. Kisha huanza upya. Mashine iliyofungwa vizuri yaweza kufanya kazi tangu siku ya kwanza hadi siku ya kutupwa bila kuongezewa hata gramu moja. Kwa hiyo ikiwa gesi imepungua, basi imevuja, na mahali inapovujia pangali wazi hata baada ya kujazwa. Anayejaza bila kuziba anateka maji kwa pakacha, na mwenye nyumba ndiye anayelipia kila ndoo.

Hasara haiishii hapo. Mashine yenye gesi pungufu haisimami kupumzika. Huunguruma mchana kutwa ikitafuta baridi isiyopatikana, na mita ya umeme inakula. Kwa kuwa bei ya yuniti hapa Rwanda hupanda kadiri nyumba inavyotumia zaidi kwa mwezi, ubovu mdogo huonekana upesi. Mbaya zaidi ni kwamba ile gesi inayorudi ikiwa baridi ndiyo inayoipoza kompresa. Ikipungua, kompresa huchemka, na kompresa ikiungua, hapo tena hatuzungumzii matengenezo madogo.

Mwezi wa Januari nilimpata fundi mwingine, mtu mzima wa makamo asiyependa maneno mengi. Alifungua boksi la nje akatazama kila kiungo kwa tochi. Penye nati moja palikuwa na doa la mafuta lililonata vumbi. Akapaka povu la sabuni, nasi sote wawili tukaona mapovu yakivimba polepole. "Mwalimu," aliniuliza, "nani aliyekwambia gesi huisha?" Sikuwa na jibu la kumpa. Alikata ncha ya bomba, akaitengeneza upya, akakaza nati. Kisha akafunga pampu ya kunyonya hewa na unyevu uliobaki ndani, kazi iliyochukua zaidi ya nusu saa, ndipo akatia gesi huku mtungi ukiwa juu ya mizani. Yule wa kwanza hakuwahi kuja na pampu wala mizani. Siku hizi nikimwona fundi anaingia na mtungi peke yake, humwuliza kwa heshima vyombo vingine viko wapi.

Kabla ya kumwita fundi huyo, lakini, mwenye nyumba na atazame mambo mawili matatu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti huleta vumbi jekundu ambalo huziba chujio la sehemu ya ndani, na chujio lililoziba huleta dalili zile zile za gesi kupungua, hata barafu kuganda ndani. Kulitoa na kuliosha kwa maji ni kazi ya mtoto wa darasa la nne. Maji yakidondoka chumbani, aghalabu ni bomba la kutolea maji lililoziba. Na ikiwa feni ya nje inavuma bila kuzunguka, huenda ni kapasita tu, kifaa kidogo kisicho ghali. Katika ngazi ya gharama, chujio liko chini kabisa, kapasita juu yake kidogo, kisha mota ya feni, kisha kadi ya elektroniki, ambayo mara nyingi huunguzwa na umeme unaopanda na kushuka. Kompresa ndiyo iliyo kileleni.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi wa Kigali kwa namna ya pekee, kwa sababu lilipitishwa mjini mwetu. Kwenye boksi la nje pana kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake. Mashine za zamani huandikwa R-22. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza gesi za jamii hiyo kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kuziacha mwaka 2030, isipokuwa sehemu ndogo ya kutengenezea mashine zilizopo. Gesi zilizochukua nafasi yake, kama R-410A, haziharibu ozoni, lakini kilo moja ya R-410A hupasha dunia joto zaidi ya kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana tarehe 15 Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana hapa Kigali kuzipunguza nazo pia. Rwanda na nchi nyingi zinazoendelea zilianza kuwekewa kikomo mwaka 2024, na zitashuka kwa asilimia 80 ifikapo 2045. R-32, inayoonekana katika mashine nyingi mpya, ina takriban theluthi moja ya madhara hayo ya joto.

Kwa mwenye nyumba, maana yake ni kwamba mashine ya R-22 inayovuja inazidi kuwa mzigo, kwani bidhaa inayopunguzwa hatua kwa hatua haina budi kuadimika. Tena asikubali kutiliwa gesi nyingine "ya kufanana". R-410A hufanya kazi kwa shinikizo kubwa kupita la R-22, na mabomba ya zamani hayakutengenezwa kulistahimili. Nyingine zinazouzwa kama badala huwaka moto. Mimi nina kipimo changu: mashine ikipita miaka kumi, na fundi akataja bei inayofikia nusu ya mpya, siitengenezi. Wengine watasema naharakisha. Pengine wangekuwa na bahasha ya karo wangeniunga mkono.

Ya mama yangu ilikuwa bado changa, R-410A, ndiyo maana iliponyeka. Kabla ya kuondoka, fundi alichukua kipande cha karatasi akaandika kwa penseli tarehe, aina ya gesi, uzito aliotia na kiungo alichoziba, akakibandika ndani ya kifuniko. Sasa ni miezi kumi na minne, na hakuna gesi iliyoongezwa. Mistari iliyofuata chini yake ni ya kuosha chujio tu, nayo ameiandika mama mwenyewe.