Kweli au si kweli: yaliyomo maktabani Kanda ya Ziwa

Hapa Mkuyuni, Mwanza, karatasi haikai bure. Gazeti la wiki iliyopita linafungia samaki wa kukaanga, daftari la aliyemaliza darasa la saba linachanwa kurasa za kufungia karanga, na kitabu kilichopoteza jalada kinaishia jikoni kuwashia mkaa. Sina ugomvi na muuza karanga. Ugomvi wangu ni na maneno yanayosemwa kuhusu maktaba na maandishi ya Kanda hii ya Ziwa, maneno yaliyorudiwa mpaka yakazoeleka, na ambayo ndiyo yanatufanya tusitambue tunachokichana. Nimeyachukua yale ninayoyasikia mara nyingi zaidi, kuanzia vijiwe vya kahawa mpaka vyumba vya walimu.

“Maktaba ni ya wanafunzi wenye mitihani.”

Si kweli, ingawa ninaelewa lilikotoka. Ingia maktaba ya mkoa siku ya kazi uone: viti vimejaa vijana wa kidato cha nne, kila mmoja na madaftari yake aliyoyabeba kutoka nyumbani. Wanatumia meza na utulivu, rafu hawazigusi. Lakini sheria iliyoanzisha huduma za maktaba nchini ilipitishwa mwaka 1963, Tanganyika ikiwa bado changa, na haikuwalenga wanafunzi peke yao. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, Desemba 1967, na sheria ya mwaka 1975 ikaipa Bodi ya Huduma za Maktaba kazi ya kuhudumia umma wote, mikoani pia. Fundi seremala wa Mkuyuni ana haki ileile ya kuomba jalada la magazeti kama aliyonayo mhadhiri wa chuo kikuu.

“Watu wa Ziwa hawakuandika. Habari zetu zote ziliandikwa na wageni.”

Si kweli, na uongo huu unaniumiza kuliko yote.

Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Akasoma seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza lugha kadhaa za Ulaya, za kale na za sasa, kisha akarudi kisiwani kwake. Mwaka 1945 alikamilisha riwaya ndefu kwa Kikerewe, inayohusu Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wanaopendana huku ndugu wakiwaandama kwa kukosa mtoto. Ndani yake mna karibu kila kitu ambacho Mkerewe wa kabla ya ukoloni alikifanya kwa mikono yake: anavyolima, anavyovua, anavyowinda, anavyotengeneza pombe, anavyotibu mgonjwa, anavyowasalimia wakwe. Mtaalamu wa mila angehitaji vitabu kadhaa kueleza hayo. Kitereza aliyaweka yote katika maisha ya familia moja.

Mswada ule haukupata mchapishaji. Kikerewe kilionekana lugha ya watu wachache mno. Mzee mwenyewe akaifasiri kazi yake kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Kitereza alifariki mwaka 1981. Baadaye kazi hiyo ikafasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 ikatoka kwa Kiingereza, mfasiri akiwa Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi wa riwaya. Kwa miaka hiyo 35 hazina hii ilikuwa rundo la karatasi lisilochapwa. Karatasi zile zingepotea, leo tusingekuwa na la kuzungumza.

Na hakuwa peke yake. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwa hichohicho, mwaka 1944, na *Rosa Mistika* yake ya mwaka 1971 inaanzia kijijini huko. Kisiwa kimoja, unachokifikia kwa kivuko kutoka hapa, kimewapa wasomaji wa Kiswahili riwaya ambazo bado zinasomwa vyuoni. Anayesema hatukuandika hajaingia maktaba kuuliza.

“Hazina ni kitabu cha kale sana. Vya juzi ni takataka.”

Si kweli. Kitabu cha kale kilichochapwa kwa maelfu Ulaya kinaweza kuwa na nakala katika maktaba mia. Kitabu cha kisomo cha watu wazima kilichogawiwa bure kijijini mwaka 1970 kinaweza kuwa kimebaki kimoja, tena bila kurasa za mwisho.

Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, ukihudumia mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Wazo lake lilikuwa kwamba mtu mzima asifundishwe kusoma kwa vitabu vya watoto. Mkulima wa pamba afundishwe kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya uvuvi, mfugaji kwa ya ng'ombe. Kwa hiyo vikatungwa vitabu vya pamba, vya uvuvi, vya migomba, vya mifugo, vya mambo ya nyumbani. Mwaka 1970 ukatangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya wilaya nyingine. Ili waliojua kusoma wasisahau, zikaanzishwa maktaba za vijijini, na mwaka 1974 likatoka gazeti la Kanda ya Ziwa lililoitwa *Elimu Haina Mwisho*. Kufikia mwaka 1986 takwimu za Serikali zilisema wasiojua kusoma nchini ni asilimia 9.6 tu, wakati mwaka 1967 walikuwa takribani theluthi mbili ya watu wazima.

Fikiria basi kijitabu cha pamba kilichoshikwa na bibi wa miaka 50 aliyekuwa anaandika jina lake kwa mara ya kwanza. Pembeni ya ukurasa kuna herufi zake za penseli, zimepinda, ameirudia “a” mara nyingi mpaka ikakaa. Kwangu mimi ukurasa huo unazidi thamani ya vitabu vyenye jalada la ngozi, kwa sababu unaonyesha kampeni ile ilivyofanya kazi katika mkono wa mtu mmoja. Wanahistoria wana ripoti za UNESCO. Mikono hiyo hawana, na vingi vya vitabu hivyo viliishia kufungia maandazi.

“Karatasi ndogondogo si historia.”

Si kweli. Mashirikisho ya wakulima wa pamba yaliyosimama kwa juhudi za viongozi kama Paul Bomani, na kuzaa mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kama VFCU, yaliendeshwa kwa karatasi ndogondogo: kadi za wanachama, stakabadhi za mizani, daftari za malipo. Ukitaka kujua mkulima alilipwa kiasi gani, hotuba haitakuambia.

Somo chungu zaidi tulilipata ziwani. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa karibu kufika Mwanza, meli ilikuwa imejaza watu kupita uwezo wake, na abiria wa daraja la chini hawakuwa na orodha kamili ya majina. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, mia nane au zaidi. Wengi wamezikwa Igoma. Karatasi ambayo haikuandikwa siku ile haitapatikana tena, na huenda kwa familia nyingi magazeti ya wiki ile ndiyo maandishi pekee yaliyowataja wapendwa wao, au yaliyotaja tu kwamba walikuwepo.

“Vya maana vyote vilipelekwa Ulaya.”

Nusu kweli. Miswada mingi ya Kiswahili ipo London, katika chuo cha SOAS, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini nyaraka za utawala wa Kijerumani zimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu wa Zanzibar uliingizwa mwaka 2003.

La karibu nasi zaidi ni makabrasha ya Hans Cory. Alizaliwa Austria, akawa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, na aliandika sana juu ya Wasukuma: sheria zao, watemi wao, vyama vyao vya ngoma. Makabrasha yake yapo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1953 alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka, ile iliyochorwa ndani ya nyumba walimofundishwa wanachama wapya wa chama chao. Nyumba zile zilikuwa za udongo na mvua haizisamehi, hivyo nakala za karatasini ndizo tunazoweza kuziomba leo. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na aliandika kwa ajili ya watawala. Asomwe kwa kujua hilo, lakini asomwe, na asomwe na Wasukuma wenyewe.

“Karatasi ya kale ishikwe kwa glovu nyeupe.”

Si kweli. Wahifadhi wanataka mikono iliyooshwa na kukauka vizuri, kwa sababu glovu ya kitambaa huondoa wepesi wa vidole na ukurasa dhaifu huchanika. Glovu zinafaa kwa picha za zamani, ambazo mafuta ya vidole huziharibu.

“Piga leminesheni, itadumu.”

Si kweli, na madhara yake hayarudi nyuma. Plastiki ile hubandikwa kwa joto na gundi. Ikianza kuharibika, karatasi haiwezi kutolewa salama. Selotepu nayo huacha doa la kahawia lisilotoka. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na vitu vinavyoifanya igeuke njano na kukatika, na mwanga huharakisha hilo. Dawa ni rahisi: bahasha au boksi safi, mahali pakavu na pa giza, palipoinuka kutoka sakafuni ili mchwa na maji visifike, na mkao wa kulala bila kukunjwa. Mwanza tuna unyevu wa ziwa, hivyo usiliegemeze boksi kwenye ukuta wa nje.

“Siku hizi kila kitu kipo mtandaoni.”

Si kweli. Mtandaoni kipo kile ambacho mtu alikaa akakipiga picha. Kadi ya babu yako ya ushirika haimo.

Basi nawaomba watu wa Mkuyuni na wa mwambao wote wa ziwa mambo mawili. Kabla ya kusafisha kabati la marehemu, tenga vitabu vya kisomo, magazeti ya vijijini, kadi za ushirika, barua na madaftari yenye maandishi ya lugha zetu, kisha muulize mkutubi wa maktaba ya mkoa au chuo kilicho karibu nawe kama watavipokea. Na wewe uliyechapa kitabu chako, hata kiwe cha kurasa 30 za nyimbo za kwaya au historia ya ukoo, fahamu kwamba sheria inamtaka mchapishaji kuwasilisha nakala kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Zipeleke.