Tunda Lililo Juu ya Jibini

Miongoni mwa vyakula vya kigeni vilivyoingia katika miji yetu, piza ni kimoja kilichopendwa upesi na vijana. Katika Jiji la Arusha, ambapo wageni wa mataifa mengi hupita wakielekea mbugani, chakula hiki hakikosi mikahawani; na katika nyumba za kata kama Sokon I huweza kupikwa kwa tanuri ndogo, au kwa sufuria yenye makaa chini na juu. Wapo wanaoipenda zaidi ile iliyotandazwa jibini na vipande vya nanasi au embe, na hutoa hoja ya kwamba, maadamu ina matunda, basi ni chakula cha afya. Hoja hii twapenda kuitia katika mizani, maana inahusu miili ya watoto wetu na fedha za nyumba zetu.

ASILI YAKE

Piza ni chakula cha Waitalia, hasa watu wa mji wa Napoli. Lakini nanasi juu yake halikutoka Italia, wala halikutoka katika visiwa vya Hawaii ambavyo piza hiyo imepewa jina lake. Mwaka 1962 Sam Panopoulos, Mgiriki aliyehamia Kanada, aliijaribu katika mkahawa wake mjini Chatham, jimbo la Ontario, kwa mananasi ya kopo. Na jina la Hawaii likatokana na chapa ya kopo hilo. Pamoja na nanasi, piza hiyo huwekwa nyama ya nguruwe. Kwa hiyo Mwislamu anayeagiza mkahawani piza yenye jina hilo hana budi kuuliza kwanza, kwani jina lenyewe halimwambii kilichomo ndani.

KILICHOMO NDANI YAKE

Tuchukue piza moja ya nyumbani: unga mweupe wa ngano gramu 250, jibini laini gramu 150, nanasi gramu 100, nyanya kidogo na kijiko kimoja cha mafuta. Piza hiyo hutoa kalori zipatazo 1,550. Katika hizo, unga peke yake hutoa kiasi cha 910, jibini 450, mafuta 120, na nanasi 50 tu. Tukiikata vipande vinane, kila kipande kina kalori kama 190, na tunda lililomo ndani yake halifiki gramu 13.

Hapa ndipo hoja ya vijana inapovunjika. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kijana aliyekula vipande vinne, yaani nusu ya piza, amekula gramu 50 tu za nanasi. Hiyo ni sehemu moja kwa nane ya haja yake, ilhali kalori alizokwisha kuzipata zakaribia 800. Tena, vitamini C iliyomo katika nanasi hupungua kwa moto wa tanuri. Na likiwa ni nanasi la kopo lililotiwa katika maji ya sukari, basi sukari hiyo huongezeka juu ya wanga wa unga.

Jambo la pili ni chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kina gramu zipatazo 5, nacho ndicho kiasi ambacho mtu mzima ameshauriwa asikifikie kwa siku nzima. Mpishi akitia kijiko hicho katika kinyunga, kisha ikaongezwa chumvi iliyomo katika jibini, mlaji wa nusu ya piza amemaliza zaidi ya nusu ya kiasi cha siku kwa mlo mmoja. Kwa wazee wetu wenye shinikizo la damu, hili si jambo dogo.

MEMA YAKE

Hata hivyo, haki itendeke. Jibini ni chakula chenye nguvu. Vipande vinne vya piza yetu huupa mwili protini karibu gramu 30, na kalsiamu, madini yajengayo mifupa na meno, kiasi cha miligramu 370, nayo ni zaidi ya theluthi ya haja ya mtu mzima kwa siku. Kadhalika, mafuta ya jibini yana faida kwa tunda: embe na papai zina asili ya vitamini A, na mwili hauipokei vyema pasipo mafuta. Kwa hiyo kula tunda la manjano pamoja na jibini si upuuzi. Kosa ni kudhani kwamba vipande vichache vilivyounguzwa juu yake vyatosha.

GHARAMA YAKE

Kwa kawaida kilo moja ya jibini hutaka karibu lita 10 za maziwa. Gramu 150 za piza yetu, basi, zimekula kama lita moja na nusu, yaani vikombe sita vya robo lita. Maziwa hayo yangenywewa yalivyo, yangeipa familia kalsiamu inayozidi miligramu 1,600 na protini zipatazo gramu 48, kwa chumvi kidogo sana. Kwa nyumba iliyo karibu na Mlima Meru, ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa mabandani na ndizi na maparachichi huteremshwa sokoni, hesabu hii yafaa kuzingatiwa kabla ya kufungua mkoba.

Wala tusidhani kwamba kuunganisha nafaka na maziwa ni hekima ya wageni peke yao. Waarusha wana loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa mgando. Bakuli la loshoro likifuatiwa na ndizi mbivu au kipande cha papai lina nafaka, maziwa na tunda, na tunda hilo halikupita motoni.

JIBINI NA UHALALI WAKE

Maziwa hugandishwa kuwa jibini kwa kimeng'enya, ambacho tangu zamani hutolewa katika tumbo la ndama. Siku hizi kipo pia kinachotokana na mimea, na kingine kinachotengenezwa kwa msaada wa vijidudu, ambacho Marekani ilikiruhusu mwaka 1990. Yafaa mama wa nyumbani asome maandishi ya pakiti, atazame alama ya halali, na penye shaka awaulize wanazuoni wake.

SHAURI LETU

Hatusemi piza iharamishwe mezani. Twasema iwekwe mahali pake: iwe chakula cha siku moja moja, si mazoea ya kila juma. Ikipikwa nyumbani, nusu ya unga iwe ngano isiyokobolewa, chumvi ya kinyunga ipunguzwe, na jibini lipimwe. Badala ya vipande vinne, kijana ale viwili, pamoja na sahani ya kachumbari, na baada yake tunda zima bichi. Hapo atakuwa amepata kwa kweli kile alichodhani amekipata juu ya jibini.

Dini yetu imetukataza kupita kiasi katika kula na kunywa, na imetuhesabia mwili kuwa ni amana. Amana hailindwi kwa jina zuri la chakula, bali kwa kujua kilichomo na kipimo chake. Mwenyezi Mungu atujaalie kula kilicho halali na kizuri, na atuwezeshe kuwafunza watoto wetu hayo. Amin.