Gati Zimekamilika, Watu wa Ugavi Wako Wapi?

Kwa miaka mingi meli iliyoleta shehena Tanga haikufunga gatini. Ilitia nanga mbali na pwani, umbali wa takriban kilomita 1.7, mizigo ikashushwa juu ya matishari, matishari yakavutwa hadi nchi kavu, na hapo mzigo ule ule ukainuliwa kwa mara ya pili. Mzigo unaoshikwa mara mbili hulipiwa mara mbili, na mwenye kulipa mwisho wa safari si tajiri wa meli bali ni mama wa Makorora anayenunua kilo moja ya sukari. Hali hiyo imeondoka. Kazi iliyoanza mwaka 2019 na kukamilika mwaka 2023, kwa gharama ya shilingi bilioni 429.1, imeongeza kina cha bandari kutoka mita 3 hadi mita 13 na kutupatia gati mbili zenye jumla ya urefu wa mita 450. Meli kubwa sasa inakuja yenyewe mpaka mlangoni petu.

Ni haki yetu wana Tanga kujivunia jambo hili, na katika mikutano ya Chama tumelisema sana. Lakini yako maswali ambayo zege haliwezi kuyajibu. Ni nani atakayehesabu makasha yakishuka? Ni nani atakayejua kwamba kasha fulani lina dawa zisizostahimili joto, na kwa hiyo lisiachwe juani? Ni nani atakayepanga malori yafike gatini kwa zamu, yasije arobaini leo na kesho lisionekane hata moja? Hizo ni kazi za watu. Zina elimu yake, vyuo vyake na mishahara yake, na kama watoto wa mkoa huu hawatazisomea zitafanywa na watoto wa mikoa mingine. Hatuna kinyongo nao, Tanzania ni moja. Ila itakuwa fedheha kijana wa Chumbageni aione bandari kila asubuhi na asipate humo ila kazi ya kubeba.

Kazi ya kubeba haidharauliwi. Makuli wa Tanga ndio waliogoma mwaka 1939 kudai nyongeza ya ujira, wakati ambapo kuthubutu hivyo mbele ya mkoloni hakukuwa mchezo. Lakini mzazi wa leo, neno bandari likitajwa, huona bega la hamali tu. Na neno stoo likitajwa huona chumba chenye vumbi alikopelekwa mtumishi aliyewashinda wakubwa zake. Mwanawe atamtaka awe daktari, mwanasheria au mhasibu. Ugavi haumo katika dua zake, kwa kuwa hajapata kuelezwa ni kitu gani.

Tuchukue mbolea. Mkulima wa mahindi wa Handeni au Kilindi anaingoja masika ya mwezi wa Machi. Mbolea ya kupandia ikimfikia Mei, kwake ni sawa na mchanga. Sasa tazama safari yake. Kabla meli haijang'oa nanga ugenini, yuko mtu aliyesoma mkataba na kuelewa ni nani mwenye kulipa bima na hatari ya njiani ni ya nani. Orodha ya shehena hutangulia kufika, ili wakala wa forodha aanze kazi meli ikiwa bado baharini. Asipofanya hivyo, na meli iliyokodiwa ikakaa gatini kupita siku zilizokubaliwa, aliyeikodi hutozwa faini kwa kila siku, na hutozwa kwa fedha za kigeni. Yuko karani anayehakiki namba ya lakiri na kuandika mifuko iliyochanika saa ile ile, maana dai la hasara lisilo na maandishi huanguka. Katika ghala yuko anayejua kwamba mifuko hupangwa juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta, isije ikanyonya unyevu. Yuko anayegawa uzito juu ya ekseli za lori ili gari lisikamatwe kwenye mizani ya barabarani. Mmoja wao akiboronga, mkulima ambaye hajawahi kuiona bahari hukosa mavuno, na hatajua kamwe amekoseshwa na nani.

Au tuchukue zahanati, ambako kosa la stoo hupimwa kwa roho za watu. Tuseme zahanati inatumia dozi 200 za dawa ya malaria kwa mwezi wakati wa kiangazi, na mzigo hufika kila baada ya miezi miwili. Mtunza stoo asiyefundishwa ataagiza dozi 400, akaridhika. Masika yakiingia na matumizi yakapanda hadi dozi 350 kwa mwezi, akiba yake itakwisha karibu na mwisho wa wiki ya tano, na kwa muda uliobaki mama mwenye mtoto aliyeshikwa na homa ataambiwa akanunue dukani. Awamu inayofuata, kwa hofu, mtunza stoo huyo huyo ataagiza dozi 1,000. Kiangazi kitarudi, dawa zitapita muda wake rafuni, na zitateketezwa. Aliyefundishwa angefungua leja, akatazama miezi kama hiyo mwaka uliopita, akaongeza kiasi cha tahadhari, na dawa inayokaribia mwisho wa muda wake akaiweka mbele ili itoke kwanza. Hesabu yenyewe haimshindi mtu aliyemaliza darasa la saba. Kinachotakiwa ni mazoea ya kuandika kila siku, na kuandika ukweli. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, yaweza kuufikisha mzigo kituoni. Lakini haiwezi kubuni kisichoagizwa.

Sisi tuliokaa chuoni na ubao wa alif na be kabla ya kupelekwa shule ya Serikali twajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, haihusu sala wala funga. Inahusu kuandikiana deni, pamoja na karani mwadilifu na mashahidi. Haikosi kustaajabisha kwamba watu waliolelewa juu ya aya hiyo wawe ndio wanaoidharau leja. Mtunza stoo ameshika amana. Anayesaini kupokea mifuko 500 hali ameona 480 ameiba mara mbili, mali kwanza na ushahidi baadaye, hata kama yeye mwenyewe hakuambulia mfuko mmoja.

Waliotutangulia waliliona jambo hili mapema kuliko sisi. Chuo cha Elimu ya Biashara kilifunguliwa mwaka 1965. Mwaka 1975 kikaanzishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kule Mabibo, Dar es Salaam. Kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaifundisha nchi kwamba askari husonga mbele kwa kadiri lori la chakula, mafuta na risasi linavyoweza kumfikia. Hata magari ya mashirika na ya watu binafsi yalitwaliwa kwa kazi hiyo. Na katika miaka hiyo hiyo wakulima wengi walitazama mazao yao yakilala vijijini kwa kukosa magari, magunia na vipuri. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya kuunda bodi ya taifa ya taaluma ya vifaa, na mwaka 2007 nafasi yake ikachukuliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, ambayo hutahini na kusajili. Kisheria, basi, mtu wa ugavi ni mtaalamu anayetakiwa awe na usajili, kama alivyo mhasibu. Mitaani bado ni mtu wa stoo.

Mwaka 2023 nchi nzima ilibishana juu ya kampuni ya DP World na mkataba wake wa miaka 30 katika sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Mjadala ule ulikuwa halali, na wapo ambao hadi leo hawajaridhika. Lakini katika kelele zote zile ni wachache waliouliza ni vijana wangapi wa Kitanzania wanaoweza kukaa mbele ya kompyuta wakapanga ni kasha lipi lishuke kwanza na liwekwe wapi ili lisizibe njia ya jingine. Mwenye kulijua hilo ana nguvu ya kudai cheo na mshahara, mwendeshaji awe ni nani.

Liko pia tatizo la lugha. Nyaraka za biashara hii ni za Kiingereza, na vyuoni masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Kijana hukariri majina ya hati saba, akafaulu mtihani, na akifika forodhani hawezi kueleza hati moja inamlinda nani dhidi ya nani. Hatusemi Kiingereza kiachwe, kwani nahodha wa meli ya Ugiriki hataleta karatasi za Kiswahili. Tunasema kijana afundishwe maana kwa lugha anayofikiria kwayo, kisha apewe jina la kigeni. Utingo wa lori hujifunza hivyo. Ndiyo sababu baadhi yao wanazijua taratibu za mpakani kuliko wenye vyeti. Basi kampuni za uwakala wa forodha na za malori, ambazo zinalalamika kila siku kwamba wahitimu hawajui kazi, ziwapokee wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo na kuwapa kazi halisi, si kuwatuma chai.

Matokeo ya kidato cha nne aghalabu hutoka mwezi wa Januari. Wakati huo matawi yetu, misikiti na makanisa yabandike matangazo ya vyuo hivi: usafirishaji, biashara, bandari, mambo ya bahari, na VETA kwa wanaotaka ufundi na udereva. Wasichana waitwe kwa jina, maana hakuna mzani wala leja inayouliza jinsia. Na mzazi aelezwe sifa za kuingia. Ngazi ya cheti yataka ufaulu wa masomo manne, na masomo ya dini hayamo katika hesabu hiyo. Aliyekuwa akiitegemea alama nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu au ya Maarifa ya Biblia ni afadhali alijue hilo mapema kuliko kulisikia dirishani kwa msajili.